Uteuzi wa Kihariri cha Ramani za Michezo ya Kompyuta kwa Mtunzi Anayeanza

Mtunzi anayeanza kubuni ramani za michezo ya kompyuta hukwama mara nyingi si katika kuchora milima na mito, bali katika kuiagiza ramani itende jambo. Hivyo basi, kigezo cha msingi cha kuteua kihariri ni namna kinavyopokea maagizo. Katika StarCraft (1998), kila kichochezi huundwa kwa masharti na matendo yanayochaguliwa kutoka katika orodha. Age of Empires II (1999) ina utaratibu unaokaribiana na huo. Katika matoleo ya awali ya michezo hiyo, uwezo wa mtunzi huishia pale orodha inapoishia.

Kihariri cha Warcraft III (2002) kinastahili kutazamwa kwa kina zaidi, japo sura yake ya kwanza hutisha. Kichochezi chake kina sehemu tatu: tukio, sharti na tendo. Mathalani, askari aingiapo eneo fulani, naye akiwa wa mchezaji wa kwanza, lango hufunguka. Yote huchaguliwa kwenye menyu, lakini nyuma yake kuna lugha ya JASS, na mtunzi aweza kukigeuza kichochezi kuwa matini ya lugha hiyo akajifunza kwa kulinganisha. Ngazi hii ndiyo inayokipa kihariri hicho ubora. DotA, ramani iliyoanza mwaka 2003, ilitungwa humo. Ila kichochezi kikishageuzwa kuwa matini hakirudi tena kwenye menyu. Afadhali kukinakili kwanza, kisha kugeuza nakala.