Mbwa Akikonda au Kunenepa, Pesa Yako Iende Wapi?

Mbwa wako mbavu zinahesabika, na kwenye agroveti umeonyeshwa chupa ya dawa ya kuongeza nguvu. Usitoe pesa bado. Mpime kwanza. Penye mizani ya magunia, panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako. Tofauti ndiyo kilo zake. Rudia baada ya wiki mbili. Bila namba hiyo utakuwa unanunua kwa kubahatisha.

Halafu angalia sufuria. Mbwa wengi wa hapa Bondo, kando ya ziwa, hula ugali, na mahindi ya bei ya chini kabisa sokoni ni yale yaliyoshika ukungu, yanayouzwa eti ni ya kuku na mbwa. Hayo ndiyo ghali kuliko yote. Ukungu huo huweza kuacha sumukuvu, ile aflatoksini iliyowadhuru watu 317 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na kuua 125 kati yao. Kupika hakuiondoi. Inashambulia ini, na ini la mbwa huumia upesi: anakataa chakula, anatapika, anakonda, ufizi unageuka manjano. Hata ukiuziwa nusu bei, kataa.

Mahindi makavu, safi, yaliyochambuliwa, ndiyo chaguo langu kwa mwenye pesa kidogo. Mbwa wa kilo 20 anatosheka na kama robo kilo ya unga kwa siku pamoja na kiganja cha omena, kwa hivyo gorogoro moja ya kilo mbili inamfikisha siku nane. Jumlisha ada ya kusaga na makaa.

Omena ina hila zake. Ile ya bei rahisi ya kulisha mifugo mara nyingi imejaa mchanga, nawe unalipia mchanga kwa kilo. Ichote mkononi, ipepete, inuse. Ikinuka uvundo, iache. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili na bei hupanda, basi nunua Machi na uihifadhi pakavu.

Chakula cha mbwa cha dukani hakihitaji kupikwa. Mfuko wa kilo 10 humtosha mbwa huyo wa kilo 20 takriban wiki nne. Kinachokula pesa ni kununua kwa kupimiwa: kilo moja moja hugharimu zaidi, na mfuko uliokaa wazi dukani unanyonya unyevu wa ziwa. Ukiweza, nunua uliofungwa na usome tarehe.

Mbwa mnene naye ana gharama yake, maana mafuta hujazana hata kwenye ini. Dawa yake haiuzwi: punguza ugali kidogo kidogo, ashuke gramu 200 hadi 400 kwa wiki kama ana kilo 20. Usimshindishe njaa.

Lakini tumbo kubwa si unene kila mara. Mgongo ukiwa mwembamba, uti unashikika, na tumbo linaning'inia, huenda ni maji, na ini linaweza kuwa ndilo limeshindwa. Mizani hapa inadanganya, kwa sababu maji yana uzito.

Dawa ya minyoo ni rahisi na ina maana, ila hupimwa kwa kilo. Vidonge vingi ni kimoja kwa kilo 10, ndiyo sababu nilianza na mizani. Paracetamol ya nyumbani usimpe kamwe, inaharibu ini.

Daktari wa mifugo muulize bei yote kabla hajaja: nauli ya boda, kuchukua damu, kuipeleka maabara, ziara ya pili. Mbwa aliyekonda tu, anza na mahindi safi na dawa ya minyoo. Mwenye macho ya manjano au tumbo la maji, acha chupa ya nguvu dukani, mpigie daktari leo.