Kiwewe Kinachompata Daktari

Daktari anayewatibu manusura wa ubakaji, vita au mateso huumia bila kuguswa. Anasikiliza habari za ukatili kila siku huku majeraha yenyewe akiyaona kwa macho, mwisho anaota ndoto za kutisha, anashtuka ovyo, anawafokea watoto nyumbani. Wengine mioyo yao hufa ganzi: mgonjwa analia mbele yao, wao hawahisi kitu. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, ulikubali kwamba kazi ya namna hii inaweza kuleta ugonjwa kamili wa kiwewe. Si udhaifu wa mtu, basi. Ni hatari ya kazi, kama sindano yenye damu kwa muuguzi.

Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa na Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, mzigo huo hugawanywa. Mwanamke aliyebakwa akipokelewa huwa na mlezi wake, mmoja wa akina mama wanaoitwa Maman Chérie, anayemsikiliza na kuandamana naye. Mwanasaikolojia ana sehemu yake, mwanasheria yake, na daktari wa upasuaji hushughulikia fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, akijua kwamba mengine yana wenyewe. Mpango huu uliwekwa kwa ajili ya mgonjwa, lakini unamwokoa na daktari pia.

Kwingineko madaktari hukutana katika vikundi vilivyobuniwa na daktari Michael Balint huko London miaka ya 1950. Mmoja husimulia kuhusu mgonjwa anayemsumbua akilini, wenzake husikiliza bila kumhukumu. Vikao hivyo huendelea kwa miezi, hata miaka, na hapo ndipo ilipo nguvu yavyo. Kikao kimoja cha kuwalazimisha watu waseme yote mara tu baada ya tukio hakijathibitika kuzuia kiwewe. Mapumziko na zamu za haki ni lazima, ingawa ndivyo vinavyokatwa kwanza wahudumu wanapopungua.

Wagonjwa nao huwatia madaktari nguvu. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege na kumuua mlinzi wake. Daktari akakimbilia nje ya nchi na familia yake. Wanawake wa Kivu, eneo la Bukavu, wengi wao maskini wa kutupwa, waliuza mananasi na vitunguu wakichanga nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirejea Bukavu, akaendelea kupasua.