Nani Bingwa wa Mapacha?

Igbo-Ora, mji wa jimbo la Oyo kusini-magharibi mwa Nigeria, unajiita makao makuu ya mapacha duniani, na majigambo hayo yana msingi. Kati ya mwaka 1972 na 1982, daktari wa uzazi Patrick Nylander aliwachunguza Wayoruba wa ukanda huo akakuta jozi 45 hadi 50 za mapacha kwa kila vizazi 1,000. Ulaya ya zama hizo, kabla dawa za kusaidia uzazi hazijaenea, ilikuwa ikipata kama jozi 10. Huko majina ya Taiwo na Kehinde yako kila mtaa, na Kehinde, anayetoka wa pili, ndiye huhesabiwa mkubwa: alimtuma mdogo wake atangulie kuonja dunia ikoje. Kulwa na Doto, mapacha wa Usukumani ambako wa kwanza ndiye mkubwa, hawangekubali utaratibu huo.

Waulize wenyeji siri ni nini, watakuonyesha sufuria. Ndani yake mna ilasa, mchuzi wa kuteleza wa majani ya bamia, unaoliwa kwa amala, ugali wa rangi ya kahawia unaosongwa kwa unga wa viazi vikuu. Wapo waliodai kwamba viazi hivyo vina kitu kinachoyachokoza mayai ya mwanamke. Hoja tamu, ila haijathibitishwa. Wagogo nao wanakula mlenda tangu enzi na enzi, na sijasikia mtu akiiita Dodoma makao makuu ya mapacha.

Tukipanda ngazi ya nchi nzima, kombe linavuka mpaka tu. Mwaka 2011 watafiti Jeroen Smits na Christiaan Monden walilinganisha nchi 76 zinazoendelea: Benin, jirani wa Wayoruba na yenyewe ikiwa na Wayoruba wengi, iliongoza kwa karibu jozi 28 katika kila vizazi 1,000. Mkiani ilikuwa Vietnam, jozi 6 hivi.

Pengo lote hilo linatokana na aina moja tu ya mapacha, wale wasiofanana, ambao huanza kwa mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja. Wanaofanana hutoka katika yai moja lililogawanyika, na hao hawana bingwa: ni kama jozi 4 kwa vizazi 1,000, uwe Benin au Vietnam, mama mrefu au mfupi, wa kwao mapacha au la. Ukitaka rekodi upande huo itakubidi uwaache binadamu umfuate armadilo wa Amerika mwenye mikanda tisa mgongoni. Yeye kwa kawaida huzaa watoto wanne kila mimba, wote wa yai moja, wote jinsia moja.

Kwa hiyo swali lenye maana ni hili: nini humfanya mwanamke apevushe mayai mawili badala ya moja? Hapa mshindi hana bango mjini. Ni umri. Kila mwezi tezi iliyo chini ya ubongo hutuma homoni iitwayo FSH ili kuamsha mayai. Kadiri akiba ya mayai inavyopungua, tezi huongeza kipimo, kama mtu anayezidisha sauti kwa sababu aliyeitwa haitikii, na safari nyingine wakaitika wawili. Ndiyo maana nafasi ya mapacha hufikia kilele mama akiwa na miaka 35 hadi 39. Kinaya ni kwamba katika umri huohuo nafasi ya kushika mimba yenyewe inashuka.

Nyuma ya umri inakuja damu ya ukoo. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi lilitaja sehemu mbili za vinasaba zinazohusika: moja karibu na jeni ya homoni hiyohiyo ya FSH, nyingine katika jeni iitwayo SMAD3. Mitaani tunasema mapacha huruka kizazi. Hawaruki. Mwanamume anaweza kurithi hulka hiyo kwa mama yake, lakini kwa kuwa yeye hapevushi mayai, haionekani mpaka ifike kwa binti yake. Mama aliyekwisha kuzaa mara nyingi, mrefu au mwenye mwili mkubwa naye huongezewa nafasi kidogo. Kula ndizi pacha hakuongezi kitu.

Wapo mabingwa wengine wadogo. Kodinhi, kijiji cha Kerala kusini mwa India, chenye familia kama 2,000, kilihesabu zaidi ya jozi 200, na hakuna aliyeeleza sababu ikakubalika. Cândido Godói, mji wa wazao wa walowezi wa Kijerumani kusini mwa Brazil, ulitangazwa kwa uvumi mchafu: kwamba Josef Mengele, daktari wa Kinazi aliyewatesa mapacha katika kambi ya Auschwitz, alipita huko akiwapa wanawake dawa. Watafiti wa Brazil walifungua vitabu vya ubatizo wakaona mapacha hawakuongezeka miaka anayodaiwa kupita. Ukoo mdogo wa watu waliooana wao kwa wao unatosha kuwa maelezo.

Rekodi ya mtu mmoja imebaki Urusi. Mke wa mkulima Feodor Vassilyev wa Shuya anasemekana alijifungua mara 27 kati ya 1725 na 1765: mapacha mara 16, watatu mara 7, wanne mara 4, jumla watoto 69. Ningeamini kwa shingo upande, isipokuwa kumbukumbu hizohizo zinaongeza kwamba mke wa pili wa Vassilyev alizaa watoto 18 katika uzazi mara 8, naye hakuzaa hata mmoja peke yake. Wanawake wawili, mume mmoja, na tumeona kwamba mume hana usemi wa mayai mangapi yapevuke. Karani aliyeandika ndiye ningependa kumhoji.

Rekodi ya Afrika ina upande wa pili usiotiwa kwenye mabango. Kati ya 2009 na 2014, kusini mwa Sahara, mapacha 213 kati ya kila 1,000 walifariki kabla ya miaka mitano; miaka ya 1995 hadi 2001 walikuwa karibu 328. Wengi huzaliwa njiti, na mara nyingi mkunga hujua kuna wa pili pale wa kwanza anapokuwa ameshatoka. Mjamzito aliyepita miaka 35, ambaye mama au bibi yake alizaa pacha, aombe utrasaundi mapema, na apange kujifungulia penye daktari wa kupasua na mahali pa kuwatunza njiti.