Ukipumzika mazoezi, uzito utarudi? Jibu liko bonde la Yaeda

Mbulu na Hanang zina sifa ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, giza limeshaingia. Miaka 10 baadaye Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada. Hata hivyo, somo kubwa kuhusu mazoezi na uzito lililotoka ukanda huu halikutolewa na mwanariadha. Limetolewa na Wahadzabe, watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, ambao nchi yao imelizunguka Ziwa Eyasi na kuingia wilayani Mbulu kwenye bonde la Yaeda.

Somo hilo linamhusu kila anayejaribu kupunguza uzito. Ameanza vizuri, anatembea kila alfajiri au anahudhuria jimu, mzani umeanza kushuka. Kisha inatokea safari, malaria, msiba kijijini au goti linalouma, na mazoezi yanasimama kwa wiki mbili. Hapo hofu inamwingia kwamba jasho lote limepotea bure na kitambi kiko njiani kurudi. Wengine humeza dawa za maumivu wakaendelea kukimbia na goti bovu. Wengine hukata tamaa kabisa, wakaacha na mpango wa chakula. Suala si la wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi.

Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer wa Marekani alichapisha matokeo ya utafiti aliofanya Uhadzabeni pamoja na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walitaka kujua Mhadzabe anatumia nishati kiasi gani kwa siku. Wengi waliamini jibu linajulikana. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku akifuata wanyama na mizinga ya nyuki. Mwanamke hutembea karibu kilomita 6, na safari yake ina kazi ya kuchimba mizizi ardhini kwa mti uliochongwa ncha, kisha kubeba mzigo na mara nyingi mtoto mgongoni. Watu kama hao, ilidhaniwa, lazima wachome kalori nyingi kuliko karani anayekaa kitini.

Kipimo kilichotumika hakitegemei kukisia. Mtu anakunywa maji ambayo sehemu ya haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko ya kawaida. Hayamdhuru, naye anaendelea na shughuli zake: anawinda, anapanda mbuyu, analala. Kwa siku kadhaa watafiti wanachukua mkojo wake. Haidrojeni ile nzito hutoka mwilini kama maji tu, kwa mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa njia hizo hizo, na kwa njia moja zaidi: ndani ya kabonidayoksaidi tunayoitoa puani. Tofauti ya kasi ya kupungua kwa hizo mbili inaonyesha mwili umezalisha kabonidayoksaidi kiasi gani, na kutokana na hapo nishati iliyotumika inajulikana.

Walipimwa watu wazima 30. Wanaume walitumia kalori takriban 2,600 kwa siku na wanawake takriban 1,900. Tofauti za ukubwa wa mwili zilipozingatiwa, matumizi hayo hayakupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mhadzabe aliyeshinda porini na karani aliyeshinda ofisini walikuwa wakichoma karibu kiasi kile kile.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili huendesha nishati kama familia inavyoendesha mshahara. Ada ya shule ikipanda, mshahara hauongezeki. Kinachopunguzwa ni nguo, nauli na vitafunwa. Vivyo hivyo, mtu akizoea kujituma kwa muda mrefu, mwili hubana matumizi mengine yasiyoonekana. Pontzer anadhani kwamba miongoni mwa yanayobanwa ni ukali wa uvimbe wa ndani ya mwili na homoni za msongo. Kama ni hivyo, mazoezi yanaleta afya hata pale mzani usiposogea.

Ieleweke kuwa ubanaji huo si kamili. Mwaka 2021 wanasayansi walikusanya vipimo vya watu wazima 1,754 na kukadiria kwamba, kwa wastani, asilimia 28 ya kalori zinazoongezwa na mazoezi hufidiwa kwa kupunguzwa kwingine. Zinazobaki zinachomwa kweli. Mjadala kuhusu nani hufidia zaidi na kwa nini bado unaendelea. Lakini hata bila fidia yoyote, hesabu ya mazoezi ni ndogo kuliko tunavyoipa sifa. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka kwa nusu saa anatumia kalori kama 150. Chupa moja ya kola ya mililita 350 inazirudisha zote, na kuinywa hakuchukui nusu saa.

Hapo ndipo jibu la wiki mbili linapopatikana. Ikiwa uzito ulikuwa unashuka, kazi kubwa ilifanyika kwenye sahani, na mazoezi yakasaidia. Kusimamisha mazoezi kwa siku chache hakuondoi kazi ya sahani. Kinachowaponza wengi ni kwamba vitu viwili huachwa pamoja: mtu akiacha kukimbia, anajiona yuko likizo, basi na ugali unaongezeka, chapati mbili zinakuwa nne, soda inarudi mezani. Uzito unaporudi, lawama inaangukia mapumziko.

Mzani nao una vituko vyake. Misuli huhifadhi wanga wa akiba uitwao glaikojeni, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana uzito unaweza kupanda au kushuka kilo moja au zaidi ndani ya siku chache bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Ili mtu aongeze kilo moja ya mafuta halisi, anahitaji ziada ya kalori kama 7,700. Hiyo si kazi ya wikiendi moja. Anayejipima kila asubuhi wakati wa mapumziko anapima zaidi maji.

Kinachopungua upesi kwa kupumzika ni pumzi. Utafiti wa mwaka 1984 ulioongozwa na Edward Coyle ulifuatilia wanariadha saba walioacha mazoezi. Ndani ya siku 21 uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7, na ulipofika siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Nguvu ya misuli hudumu zaidi, mara nyingi wiki mbili tatu kabla ya kupungua kwa kiasi kinachoonekana. Basi ukirudi barabarani ukajikuta unahema mapema, usishangae wala usijilaumu. Anza polepole.

Wahadzabe wana jambo jingine la kutufunza, nalo linahusu mapumziko yenyewe. Mwaka 2020 timu ya David Raichlen ilichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa Wahadzabe hutulia karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, kiasi kinachofanana na cha watu wa mijini. Yaani mwindaji naye hukaa, tena sana. Tofauti iko kwenye namna ya kukaa. Sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo, tofauti na mtu aliyezama kwenye kochi. Moyo na mishipa yao ni mizima hadi uzeeni, presha ni ya nadra.

Kwa hiyo mapumziko yana namna yake. Kwanza, ukiumia au ukiugua, simama. Mazoezi juu ya homa au goti lililovimba ni hasara. Pili, shikilia mpango wa chakula, na kama unafanya kazi nyepesi kuliko kawaida, punguza wanga kidogo badala ya kuuongeza. Tatu, usilale mchana kutwa. Tembea kwenda sokoni, kaa mkekani, inuka kila baada ya muda. Nne, panga siku ya kurudi, kwa sababu mapumziko yasiyo na tarehe ndiyo yanayogeuka kuwa kuacha.

Na kurudi ni lazima, ila kwa sababu iliyo sahihi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa ajili ya moyo, sukari, presha na akili. Mazoezi pia humsaidia mtu aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Ukitaka kupungua, anza na sahani. Ukitaka kuishi vizuri, songa. Wiki mbili za mapumziko haziharibu lolote kati ya hayo mawili, mradi hukupumzika na kwenye chakula.