Unaenda Kutazama Nyota kwa Mara ya Kwanza? Soma Hii

Wapenzi wa nyota hukutana usiku, mahali penye giza, na darubini zao. Huhitaji kujua fizikia. Anayejua anamwonyesha asiyejua. Nilikwenda kwa mara ya kwanza muhula huu, na haya ndiyo ya kujua kabla hujaenda.

Kwanza, angalia mwezi. Ukiwa mpevu, mwanga wake unafuta nyota hafifu. Lakini kama hamu yako ni mashimo ya mwezini kwenyewe, nenda ukiwa nusu, maana vivuli vinayachora vizuri.

Pili, simu ibaki mfukoni. Jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe unaharibu kazi yote hiyo mara moja, tena kwa foleni nzima. Ndiyo maana wenyewe wanatumia tochi nyekundu: mwanga huo hausumbui sana jicho lililozoea giza. Zamu yako ikifika, usishike darubini, weka jicho tu.

Tatu, usitegemee picha za NASA. Zohali inaonekana ndogo kama punje, ila ina pete kweli, na mwanga unaouona ulitoka kule zaidi ya saa moja iliyopita. Mshtarii ina vinukta pembeni, hadi vinne: ni miezi yake, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Rudi baada ya saa mbili, utakuta vimehama.

Sasa, kwa nini hili linatuhusu sisi wa ualimu? Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeiona hiyo sayari?" Swali la haki kabisa. Tunachora sayari ubaoni mchana, halafu usiku zinapita juu ya bweni na hakuna anayetoka nje.

Shule ile haina darubini, lakini ina giza ambalo sisi wa mjini hatuna. Kwa macho matupu unaweza kuonyesha Zuhura, Msalaba wa Kusini, na Kilimia, nyota ambazo wakulima walizitumia kujua msimu. Hata jina lenyewe limebeba kulima. Yaani mtoto wa kijijini ana maabara kubwa kuliko yetu, anachokosa ni mwalimu wa kutoka naye nje.

Kwa hiyo nenda, jifunze kuonyesha. Beba sweta, usiku una baridi.