Kibuyu Kinachofundisha Uuguzi

Mtu mzima akienda kusomea kazi ya mhudumu wa afya kijijini, si mtoto wa darasa la kwanza huyo. Ameshalea, ameshauguza. Zana ya kumfundishia lazima ichaguliwe vizuri.

Chukua somo la kuharisha. Mwalimu anaweza kubandika picha ya mtoto mwenye utosi uliobonyea. Picha ni nzuri, ina na rangi. Lakini haisemi utosi umebonyea kwa nini.

Sasa tazama kibuyu. Njia hii ilitumika kufundishia wahudumu wa vijiji huko Mexico, na David Werner na Bill Bower waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1982. Kibuyu hukatwa juu. Chini hutobolewa tundu, likazibwa kwa kijiti. Kinajazwa maji mpaka ukingoni, halafu kitambaa chepesi kilicholowa kinatandazwa juu ya maji. Huo ndio utosi. Chomoa kijiti: mtoto anaharisha! Maji yanashuka, kitambaa kinabonyea, wote wanaona.

Wapo wanaomnyima mtoto maji wakidhani ataacha kuharisha. Waulize wanafunzi: tufanyeje? Watajibu wenyewe: tumrudishie maji. Basi changanyeni. Lita moja ya maji safi na salama, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kulundika. Onjeni, chumvi isizidi ile ya machozi. (Paketi ya ORS ikipatikana zahanati, hiyo ni bora zaidi.)

Mkimimina kwa wingi kuliko yanavyotoka, kitambaa kinapanda, na kijiti bado kiko nje. Hapo ndipo penye somo kubwa. Maji hayo hayazibi tundu. Mama asiyejua hilo akiona mtoto bado anaharisha huacha kumpa, na mtoto hufa kwa kukauka.

Redio nayo ni zana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili hapa Tanzania walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kwa kuwafikia wengi, hakuna kama redio. Lakini kupima mkono wa mtoto kwa utepe hakufundishwi redioni. Mwanafunzi apewe utepe wenyewe, ampime mtoto hasa wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimeta 11.5, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.