Kitanda cha mipira ya baiskeli

(Muziki. Kengele ya baiskeli.)

MTANGAZAJI WA 1: Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu. Mvua ya usiku ule iliua watu zaidi ya 130 nchini. Maji yakishashuka, sakafu ya udongo hubaki mbichi siku nyingi. Godoro likilazwa chini hufyonza unyevu huo hadi linaota ukungu, na kifua cha mtoto ndicho kinachoumia. Kwa hiyo leo tunainua godoro.

MTANGAZAJI WA 2: Kwa mbao za kujaza kitanda kizima, kaka? Bei yake?

MTANGAZAJI WA 1: Mbao ni za fremu tu, dada. Pa kulalia tunasuka kwa mipira ya ndani ya baiskeli, ile isiyozibika tena. Ulizia kwa mafundi wa baiskeli na kwa abanyonzi wanaobeba abiria.

MTANGAZAJI WA 2: Na ile ya baiskeli za mashindano, kama za Tour du Rwanda?

MTANGAZAJI WA 1: Ile ni myembamba sana. Inatosha kwa stuli. Kitanda kinataka mipira minene ya baiskeli za mizigo.

Sasa sikiliza vizuri. Osha mpira, ukate penye valvu na uitupe valvu, maana chuma chake hutoboa godoro. Usiupasue kwa urefu. Ulaze bapa ulivyo, una tabaka mbili na ndiyo nguvu yake. Utapata mkanda wa karibu mita 2. Kwa kitanda cha sentimita 90 kwa 190, mkanda mmoja unavuka upana mara mbili, au urefu mara moja. Ukiacha nafasi ya vidole vitatu kati ya mikanda, andaa mipira 20 hivi.

Fremu iwe ya mkaratusi uliokauka. Mti mbichi utajipinda mipira ikianza kuvuta. Zungusha ncha ya mkanda kwenye ubao, piga misumari miwili yenye kichwa kipana, vuta kwa nguvu hadi uhisi unakurudisha, kisha pigilia upande wa pili. Maliza ya upana kwanza. Ya urefu uipitishe juu, chini, juu, chini, kama mkeka. Ukiacha kusuka, mikanda itatengana na mtu atazama katikati.

MTANGAZAJI WA 2: Na miguu ya kitanda kwenye sakafu mbichi?

MTANGAZAJI WA 1: Iweke juu ya mawe ya volkano. Hayo Rubavu hatununui! Tandika mkeka kabla ya godoro, na mtoto mchanga asilazwe juu ya mikanda mitupu: mkono au mguu hupenya. Jaribu kwanza kwa kukaa watu wazima wawili katikati.

Jiko la mkaa likae mbali na kitanda, kwa sababu mpira hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Vipande vilivyobaki, akina mama, msiwashie moto. Vifungieni mlango wa banda la kuku.

(Muziki.)